Jinsi ya Kupanda Hadi Paa la KICC, Nairobi: Mwongozo kwa Anayekwenda Mara ya Kwanza

Toa noti yoyote ya Kenya ya toleo la 2019, iwe ya shilingi 50 au ya 1,000, uitazame upande wa mbele. Mnara ule wa mviringo ndio KICC, Jumba la Mikutano ya Kimataifa la Kenyatta. Wengi wetu hutembea na picha yake mfukoni miaka nenda miaka rudi bila kujua kwamba mtu wa kawaida, asiye mbunge wala mjumbe wa mkutano, anaruhusiwa kupanda mpaka juu kabisa na kusimama paani.

Ninaishi Nairobi, na kila shule zinapofungwa mwisho wa mwaka simu huanza kulia. Binamu yuko njiani na watoto wanne. Rafiki wa Mombasa ana siku moja tu mjini. Maswali ni yale yale: Ni lazima uwe na mwaliko? Pesa hulipwa wapi? Lifti inafika juu? Na Mlima Kenya, unaonekana kweli au ni hadithi? Nimeyajibu mara nyingi hata nikaona heri niyaandike yote pahali pamoja. Mwaliko hauhitajiki. Hayo mengine fuata hatua zilizo hapa chini.

Vitu vya kuwa navyo kabla ya kutoka nyumbani

- Kitambulisho cha taifa au pasipoti, ya kwako na ya kila mtu mzima mnayeandamana naye. Walinzi huulizia langoni, na tena kiingilio cha mwananchi si sawa na cha mgeni kutoka nje, kwa hivyo utahitaji kuonyesha wewe ni nani.
- Pesa kwenye simu. Huduma nyingi za taasisi za serikali siku hizi hulipiwa kwa M-Pesa au kadi, na mtu aliyebeba noti pekee anaweza kusumbuka.
- Viatu vya chini visivyoteleza. Kuna ngazi mwishoni.
- Sweta au koti jepesi, hata kama jua linawaka. Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, nawe unajiongezea mita 100 nyingine. Upepo wa huko juu si ule wa barabarani.
- Simu yenye chaji ya kutosha. Ukiwa na darubini ndogo, ibebe. Utaifurahia kuliko kamera.
- Muda wa saa mbili. Anayekuja na dakika ishirini huzimaliza kwenye ukaguzi na kwenye lifti.

Acha nyumbani visu vya aina yoyote, mizigo mikubwa na droni. Droni hairushwi Kenya bila kibali cha mamlaka ya usafiri wa anga, na hapa uko hatua chache kutoka Bunge na Mahakama ya Juu. Mifuko ya plastiki ya kubebea nayo ilipigwa marufuku nchini tarehe 28 Agosti 2017, basi vitafunio vya watoto vitie kwenye kikapu au mfuko wa kitambaa.

Hatua ya 1: Chagua mwezi, kisha siku, kisha saa

Hapa ndipo safari nyingi huharibikia, na ndiyo maana nitakaa kidogo.

Nilimleta shangazi yangu kutoka Nyeri mwezi wa Julai. Tulilipa, tukapanda, tukafika paani, tukaona wingu. Julai ya Nairobi ni baridi na anga lililofunikwa tangu alfajiri mpaka alasiri. Siku nyingine jua halichomozi kabisa. Tuliona Bunge, tukaona magari, basi. Alinyamaza kwa adabu, lakini nilijua nimempotezea siku. Mwaka uliofuata nikamrudisha Januari, asubuhi na mapema, siku moja baada ya mvua ndogo kusafisha vumbi. Alipogeukia kaskazini alishika mkono wangu. Mlima anaouona kila siku kutoka shambani kwake ulikuwa pale, mweupe kileleni, mdogo kama jino. Akasema, "Kumbe nyumbani si mbali."

Kwa hivyo:

Desemba hadi Februari ndiyo miezi bora. Anga huwa safi na vilima vya mbali hujichora vizuri. Machi mwishoni hadi Mei ni masika. Mvua inaweza kukufungia ndani, ingawa saa moja baada ya mvua kukatika hewa huwa safi ajabu. Juni hadi Agosti, njoo tu kama huna nafasi nyingine.

Kuhusu saa, amua unataka nini. Kama ni milima ya mbali, panda mara tu wanapoanza kupokea wageni asubuhi, kabla ya moshi wa magari na mawingu ya mchana kutanda. Kama ni picha za jiji lenyewe, panda saa kumi alasiri, jua likiwa limeinama. Nairobi iko karibu na ikweta, kwa hivyo jua huzama karibu saa kumi na mbili na nusu jioni mwaka mzima, na huzamia upande wa Vilima vya Ngong. Saa sita mchana ndiyo saa mbaya kuliko zote: mwanga unamwagika wima, kila kitu kinaonekana bapa, na simiti ya paani inawaka.

Hatua ya 2: Hakikisha hakuna mkutano

KICC haikujengwa kwa ajili ya watalii. Ni jumba la mikutano linalofanya kazi. Desemba 2015 mawaziri wa Shirika la Biashara Duniani walikutana hapa, na Septemba 2023 marais walijaa kwa Kongamano la Tabianchi la Afrika. Siku kama hizo barabara za karibu hufungwa na mgeni wa kawaida hapiti. Hata mkutano mdogo unaweza kuzuia lango moja au lifti.

Piga simu ofisi za KICC siku moja kabla, au uangalie kurasa zao rasmi. Uliza mambo matatu: paa liko wazi kesho? Kiingilio cha sasa ni kiasi gani kwa mtu mzima na kwa mtoto? Mgeni wa mwisho hupanda saa ngapi? Bei niliyolipa mimi mwaka jana haitakusaidia, ndiyo maana siiandiki. Na kama kuna maandamano yaliyotangazwa katikati ya jiji, ahirisha. Usibishane na vizuizi vya polisi.

Hatua ya 3: Fika

Jengo liko katikati ya jiji, kati ya City Hall Way na Harambee Avenue. Matatu ikikushusha Kencom, ni mwendo wa dakika chache kwa miguu. Fuata City Hall Way ukielekea upande wa Bunge. Wanaoshukia Railways nao wako karibu. Ukitoka bara na basi likakuacha River Road au Machakos Country Bus, usianze kutembea na mabegi katikati ya umati. Weka mizigo kwa mwenyeji wako kwanza, kisha uje mikono mitupu.

Bodaboda haziruhusiwi kuingia katikati ya jiji, kwa hivyo atakayekuahidi kukufikisha mlangoni atakushusha kandokando. Ukija na gari lako, ulizia maegesho ya KICC yenyewe kabla ya kuzunguka barabarani ukitafuta nafasi.

Hatua ya 4: Pita ukaguzi, kisha usikimbilie ndani

Utakaguliwa langoni na pengine tena mlangoni. Toa vitu vya chuma, fungua mkoba bila kuombwa mara mbili, wasalimie askari. Mambo huenda haraka.

Ukishaingia uwanjani, simama. Geuka uutazame mnara kutoka chini: ghorofa 28, mita 105 hivi, rangi ya udongo wa kufinyangia. Kando yake kuna ukumbi wenye paa lililochongoka kama msonge. Mbele ameketi Mzee Jomo Kenyatta, sanamu iliyochongwa na Mwingereza James Butler. Sanamu hiyo pia imo kwenye noti zako za 2019, pembeni mwa jengo, na ilizua kesi: Katiba ya 2010 inakataza sura ya mtu kwenye pesa, na walalamishi walidai sanamu ni sura. Mahakama haikukubaliana nao. Waonyeshe watoto noti na jengo kwa pamoja. Hilo halijawahi kuniangusha.

Onyo dogo: uwanjani kuna wapiga picha wa kulipwa. Wengi ni watu wa kazi safi, na picha zao zimepamba sebule nyingi za nchi hii. Lakini patana bei na idadi ya picha kabla hujasimama. Ukisimama kwanza, utalipia picha sita ulipotaka moja.

Hatua ya 5: Lipa na utunze risiti

Sema mapema kwamba unataka kupanda paani, maana mapokezi huhudumia pia watu wa mikutano na wa ofisi zilizomo jengoni. Lipa kwa utaratibu utakaoelekezwa na mhudumu aliye kazini, si kwa namba ya simu utakayopewa na mtu aliyekufuata kutoka barabarani. Subiri ujumbe wa malipo, uhifadhi, na uwe nao mkononi mpaka utakaposhuka. Mkiwa kundi, alipe mmoja kwa wote, hupunguza fujo.

Hatua ya 6: Lifti, halafu ngazi

Lifti hupandisha hadi ghorofa ya 27. Kipande cha mwisho kuelekea kiwanja cha kutua helikopta ni ngazi. Mzee mwenye magoti mabaya apumzike kabla ya kuzianza, na mtu wa kiti cha magurudumu aulize chini kabisa, kabla ya kulipa, atafikishwa mpaka wapi. Usiache aligundue hilo akiwa juu.

Lifti hizi hutumiwa na wafanyakazi wa ofisi pia, kwa hivyo asubuhi watu wanapoingia kazini na saa saba mchana kuna msongamano. Wakati mnangoja, wape wenzako historia kidogo. Ujenzi ulianza 1967, na mpango wa kwanza ulikuwa makao makuu ya KANU, chama kilichotawala wakati huo. Wabunifu walikuwa wawili: Karl Henrik Nøstvik kutoka Norway na Mkenya David Mutiso. Kazi ikaendelea kupanuka, kwa sababu Nairobi ilikuwa imepewa mkutano wa mwaka wa Benki ya Dunia na IMF, na ukumbi wa kutosha haukuwepo. Jumba likafunguliwa Septemba 1973, mkutano ukafanyika. KANU ililishikilia mpaka 2003, serikali mpya ilipolirudisha kwa umma.

Hatua ya 7: Zunguka paa kwa mpangilio

Kosa la kawaida ni kufika juu, kupiga picha kumi za mwenyewe, na kushuka. Paa hili ni la mduara. Litumie kama ramani. Anza kwa kutafuta mnara wa saa wa Bunge. Ukiuona, unatazama magharibi. Kutoka hapo zungukia kushoto, polepole.

*Magharibi.* Chini yako ni Bunge, na katika viwanja vyake ni kaburi la Mzee Kenyatta. Mbele kidogo ni Uhuru Highway, na juu yake barabara ya haraka ya kulipia iliyosimama juu ya nguzo tangu 2022. Ng'ambo ni kijani cha Uhuru Park. Hapo tafadhali kaa. Mwaka 1989 chama kile kile kilichoanzisha mnara unaoukanyaga kilitaka kujenga jengo jingine ndani ya bustani ile, la ghorofa 60. Wangari Maathai akaandika barua, akapinga, akatukanwa hadharani na wakubwa, asinyamaze. Wafadhili wakajiondoa na mradi ukafa. Bustani unayoiona ni jengo ambalo halikujengwa. Mimi kila nikipanda huanzia hapo. Nyuma ya bustani ni Upper Hill na minara yake mirefu. Ule wa Britam una mita 200, karibu mara mbili ya huu wako. Mwisho wa macho ni Vilima vya Ngong, vimejipanga kama vifundo vya ngumi.

*Kusini.* Ofisi za serikali za Harambee Avenue ziko miguuni pako. Mbali zaidi, ndege ndogo zinapanda na kushuka kwenye uwanja wa Wilson, kisha majengo yanakatika ghafla na nyika inaanza. Hiyo ni Mbuga ya Taifa ya Nairobi, iliyotengwa 1946, kilomita za mraba 117, na upande wake wa kusini hauna ua ili wanyama wahame. Reli ya SGR inaivuka juu ya daraja refu. Asubuhi safi kabisa, mbali kusini-mashariki, Kilimanjaro hujitokeza. Usimwahidi mtu.

*Mashariki.* Jengo refu lililo karibu, kulia kwako, ni Times Tower, lililokuja kuupita mnara huu kwa urefu. Karibu nalo ni stesheni ya reli. Reli ilifika hapa 1899, eneo likiwa kinamasi, na jiji lote unaloliona limeota pembeni mwake. Karibu na hapo, kwenye makutano ya Moi Avenue na Haile Selassie, kuna bustani ndogo: ndipo ubalozi wa Marekani uliposimama mpaka ulipolipuliwa tarehe 7 Agosti 1998, watu zaidi ya 200 wakafa. Wenyeji wengi hunyamaza wakifika upande huu. Wewe pia wape nafasi. Ng'ambo yake Eastlands inatandaa mpaka macho yachoke.

*Kaskazini.* Jumba la jiji, Kanisa la Holy Family, minara ya Msikiti wa Jamia, na Chuo Kikuu upande wa kushoto. Inua macho juu ya hayo yote, egemea kulia kidogo: hapo ndipo Mlima Kenya hukaa, mita 5,199, kama anga limekubali.

Hatua ya 8: Picha

Asubuhi piga ukitazama magharibi, jioni ukitazama mashariki, jua likiwa mgongoni mwako. Simu uifunge kamba mkononi au uishike kwa mikono miwili. Usiinyooshe nje ya vyuma vya ukingo. Kofia na leso huruka, na hazirudi. Usipande juu ya kitu chochote ili upate picha, na mtoto asinyanyuliwe begani hata kwa dakika moja. Kamera kubwa yenye miguu mitatu huweza kuhitaji ruhusa au malipo ya ziada, basi uliza mapokezi. Na mlinzi akikuambia usielekeze kamera upande fulani, shusha.

Mambo yakikwama

*Umefika juu na kuna ukungu.* Muulize mlinzi kama unaweza kusubiri. Ukungu wa asubuhi huweza kuinuka kufikia saa nne. Usishuke haraka, kwa sababu ukishatoka huenda ukalazimika kulipa upya.

*Malipo yamekatwa lakini mapokezi hawayaoni.* Usilipe mara ya pili papo hapo. Onyesha ujumbe wenye namba ya muamala, ngoja dakika kadhaa wahakikishe. Mtandao hulemewa mchana.

*Lifti imeacha kufanya kazi.* Omba kurudishiwa pesa au kupangiwa siku nyingine. Usijaribu ghorofa 27 kwa ngazi na watoto.

*Umeshikwa na kizunguzungu.* Rudi katikati ya paa, keti chini, tazama miguu yako, kisha kitu kimoja cha mbali kisichosogea, kama Ngong. Mtu mwingine asikuvute ukingoni "ili uzoee". Ikishindikana, shuka mpaka ghorofa ya chini yake na utazame kupitia madirisha.

*Paa limefungwa bila taarifa.* Bado uko katikati ya jiji. Bustani ya kumbukumbu ya 7 Agosti na Makavazi ya Taifa ya Kumbukumbu kwenye Moi Avenue ni mwendo mfupi kwa miguu. Rudi KICC alasiri uulize tena. Mikutano mingine huisha mapema.

*Mvua imeanza mkiwa juu.* Ingieni ndani mara moja. Mwavuli kwenye upepo ule ni hatari kuliko mvua yenyewe, na radi ikisikika paa si pahali pa kusimama. Ikikatika kabla hamjashuka, ombeni kurudi paani hata kwa dakika kumi, mtazame kaskazini kwanza.